Pua haikimbii

Jioni moja mpwa wangu, wakati huo ndiyo kwanza ameingia kidato cha kwanza, alikuja na daftari lake la Kiingereza akalifungua mbele yangu hata kabla vyombo vya chakula havijaondolewa mezani. Walikuwa wamepewa sentensi 10 za kutafsiri. Ya nne ilisema "Her nose is running." Yeye, kwa mwandiko wake safi wa shule ya msingi, alikuwa ameandika: "Pua yake inakimbia." Mbele yake palikuwa na alama ya kosa kwa wino mwekundu, basi. Hapakuwa na neno pembeni wala sahihisho. Ya saba, "My mother runs a shop," ilikuwa imegeuka "Mama yangu anakimbia duka," nayo imepata wino mwekundu vilevile.

"Mjomba," akaniuliza, "si tuliandikiwa ubaoni kwamba run ni kukimbia? Sasa kosa langu liko wapi?"

Nami nikamuuliza: mtoto akiwa na mafua, pua yake inafanya nini? Akacheka. "Kamasi zinamtoka." Na mama mwenye duka lake? "Anaendesha duka." Majibu yote mawili alikuwa nayo kichwani tangu mwanzo. Kilichomponza ni kuamini alichoandikiwa ubaoni, kwamba kila neno la Kiingereza lina mwenzake mmoja wa Kiswahili, wawili hao wakae pamoja kama pea ya viatu.

Kazi yangu mimi ni kutafsiri, na neno hili la herufi tatu limenitoa jasho kuliko maneno marefu yote ya sayansi. Ukikutana na neno la kitaalamu lenye maana ya usanisinuru, unalitafuta mara moja, unalipata, umemaliza. Kesho na keshokutwa litabaki usanisinuru. Lakini "run" hulimalizi. Leo limekuja kwenye mkataba wa pango, kesho kwenye ripoti ya maabara, keshokutwa kwenye habari za uchaguzi, na kila mahali linadai neno jingine la Kiswahili.

Watunga kamusi wenyewe wanaujua uzito huo. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, lililotoka mwaka 1989 katika majuzuu 20, neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote lilikuwa "set". Maelezo yake yalifika maneno 60,000 hivi, na kitenzi peke yake kilihesabiwa maana 430 kabla hujagusa misemo yake. Kazi ya kuipitia upya kamusi hiyo kwa ajili ya toleo la tatu ilianzia herufi M, na maneno mafupi yakaanza kunyang'anyana nafasi ya kwanza: "make" mwaka 2000, "put" mwaka 2007, kisha mwaka 2011 "run" likayapita yote kwa maana 645. Mhariri Peter Gilliver alikaa nalo zaidi ya miezi tisa.

Mimi kinachonivutia zaidi ya hesabu hizo ni namna zilivyopatikana. Wazo la kamusi hiyo lilizaliwa mwaka 1857 katika chama cha wanafilolojia, yaani wachunguzi wa lugha na maandishi yake, cha London, na mwaka 1879 kazi ikakabidhiwa James Murray, mwalimu wa shule mzaliwa wa Scotland. Alijenga chumba cha mabati uani kwake, akakijaza visanduku vya mbao, na humo vikamiminika vijikaratasi kwa posta kutoka kwa watu wa kujitolea waliokuwa wakisoma vitabu vya kila aina. Waliombwa sentensi. Msomaji alitakiwa kunakili sentensi nzima yenye neno lile, jina la kitabu na mwaka wake, kisha atume. Maana ingetafutwa baadaye, vikaratasi vikishapangwa mezani na mhariri akaona neno linafanya kazi gani miongoni mwa wenzake. Sehemu ya kwanza ilichapwa mwaka 1884, ya mwisho mwaka 1928, Murray akiwa ameshafariki tangu 1915. Watu waliotumia miaka yote hiyo na maneno hawakuthubutu kulifasiri hata neno moja likiwa limesimama peke yake. Mtoto wa miaka 13 ndiye tunayempa neno tupu ubaoni na alama ya mstari, na upande wa pili "kimbia".

Turudi kwenye ile pua. Mizizi ya "run" iko katika Kiingereza cha kale, na lugha ya Waskandinavia waliovamia na kuhamia Uingereza iliongeza nguvu yake. Tangu huko nyuma neno hili lilitumika kwa mtu anayekwenda mbio na pia kwa maji yanayotiririka. Kijerumani, ambacho ni ndugu wa Kiingereza, kimegawana urithi huo katika maneno mawili yanayofanana: "rennen" kwa kukimbia na "rinnen" kwa kutiririka. Kwa hiyo anayesema pua "is running" hatumii tamathali yoyote mpya. Anatumia maana kongwe, sawa na ya miguu. Maji na miguu viliingia ndani ya neno hili pamoja, na kinachoviunganisha ni mwendo usiokatika.

Ukishaushika huo mwendo usiokatika, maana nyingi zinaanza kueleweka zenyewe. Mto "runs" kuelekea baharini. Barabara nayo "runs" kando ya mto ingawa haijasogea hata unyayo, kwa sababu jicho la anayeitazama ndilo linalokwenda bila kukatika. Mkataba wa pango "runs" miaka miwili, nasi tunasema utadumu miaka miwili. Katika sheria muda wa kufungua madai "begins to run", nasi tunasema unaanza kuhesabiwa. Kanga mpya ukiiloweka na shuka jeupe, rangi yake "runs", na kila mwanamke wa pwani atakuambia kwamba kanga hiyo inachuja. Zilipokuja mashine za karne ya 18 na 19, za kusokota nyuzi na za kuvuta mabehewa, Waingereza hawakutafuta kitenzi kipya. Mashine ikifanya kazi bila kusimama, "it runs". Na ilipokuja kompyuta, programu nazo zikarithi kitenzi kilekile.

Yako matumizi ambayo miguu imeshatoweka kabisa. Katika kriketi "run" ni alama ya ushindi, nasi huku tumeipa jina la mikimbio. Lakini mpigaji akiupiga mpira ukavuka mpaka wa uwanja baada ya kugusa chini, anaandikiwa mikimbio minne bila kuondoka aliposimama, na ukivuka ukiwa hewani anaandikiwa sita.

Au tazama benki. Wateja wakipata hofu wakaenda wote kwa pamoja kutoa fedha zao, Kiingereza kinaita "run". Mnamo Septemba 2007 jambo hilo liliikuta Northern Rock ya Uingereza, na picha za siku zile ni za watu waliopanga foleni ndefu barabarani, wengi wao wazee, wamesimama kwa saa nyingi. Tarehe 9 Machi 2023 ikawa zamu ya Silicon Valley Bank huko Marekani: wateja walijaribu kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, wengi kwa simu na kompyuta. Safari hii hata foleni haikuhitajika. Neno liliendelea kuwa lilelile, na mwandishi wa habari wa Kiswahili alilazimika kueleza kwa kirefu kwamba wateja wameikimbilia benki kutoa akiba zao. Tazama alichofanya kitenzi chetu hapo: hao wateja wameikimbilia benki, na papo hapo wanaikimbia. Kiambishi kidogo tu kimegeuza upande mtu anakoelekea.

Kwenye siasa mambo yananoga zaidi. Mmarekani anayetaka urais "runs", yaani anakimbia. Mwingereza anayetaka ubunge kwa desturi "stands", yaani anasimama. Mtu wetu anagombea, na ndani ya kugombea mna gomba, mna ugomvi na kung'ang'ania kitu ambacho wengine nao wanakitaka. Jamii tatu zimetazama shughuli moja ya kuomba kura, moja ikaona mbio, nyingine ikaona mtu aliyejitokeza na kusimama mbele ya watu, ya tatu ikaona mvutano. "Running mate" wa Wamarekani ni neno lililotoka kwenye mbio za farasi, kwa farasi aliyeingizwa uwanjani ili amsaidie kuweka mwendo farasi mwenzake wa zizi moja. Sisi tuna mgombea mwenza, neno linalosimama vizuri bila farasi yeyote. Aliyelitunga alisikiliza kazi ya neno katika sentensi, hakulitazama umbo lake.

Kwa nini mzigo wote huu ubebwe na neno dogo hivi? Mfaransa Michel Bréal, mtaalamu wa lugha ambaye ndiye aliyelipa jambo hili la neno moja kubeba maana nyingi jina la polisemia, aliona kwamba neno likipata maana mpya ile ya zamani si lazima ife, zinaishi pamoja. Baadaye Mmarekani George Kingsley Zipf alionyesha, katika makala yake ya mwaka 1945, kwamba maneno yanayotumika mara nyingi zaidi ndiyo yenye maana nyingi zaidi. Neno linaloshikwa kila saa huwa karibu na mkono, na mtu akikutana na jambo jipya huchukua lililo karibu.

Lakini kwa Kiingereza ipo sababu nyingine, na hii ndiyo mwalimu wa lugha angepaswa kuibandika ukutani. Kitenzi cha Kiingereza hakibadiliki sana umbo. Chetu kinabadilika: kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana, kimbizwa. Tukitaka maana nyingine tunaongeza kiungo ndani ya neno lenyewe. Kiingereza kinaliacha neno kama lilivyo, halafu kinaliwekea jirani. Mwingereza akiongeza "into", umekutana na mtu bila kutarajia. Akiongeza "over", umemgonga kwa gari. Akiongeza "out", kitu kimekwisha. Akiongeza "down", unaweza kuwa unamsema mtu vibaya, au betri yako inaishiwa chaji, au nyumba imechakaa. Kazi ambayo sisi tunaifanya kwa viambishi, wao wanaifanya kwa majirani. Mwanafunzi aliyezoea kutafuta maana ndani ya neno anafika kwenye Kiingereza anatafuta mahali pasipo na kitu, kwa kuwa maana imekaa nyumba ya pili.

Nikisema hivi sitaki mtu adhani Kiingereza kimetuzidi, au kwamba sisi ndio tumewazidi. Mzigo wa "run" sisi nasi tunao, ila tumeupakia kwenye punda mwingine. Kitafute Kiswahili cha "run" na utakuta si kimbia aliyelibeba kwa sehemu kubwa. Ni endesha. Tunaendesha gari, tunaendesha duka, tunaendesha kesi, tunaendesha mkutano, na kompyuta inaendesha programu. Mtu mwenye sauti ndani ya nyumba anaweza kumwendesha mwenzake anavyotaka. Na tumbo likichafuka tunasema linaendesha. Hapo lugha mbili zisizo na udugu wowote zimekutana, maana Waingereza nao wakiharisha husema wana "the runs", na kwenye Kiingereza cha huku kwetu, Afrika Mashariki, utamsikia mgonjwa akimwambia daktari kwamba ana "running stomach". Daktari anamwelewa mara moja.

Kimbia nacho kina upande wake. Ukisema "baba yao amekimbia", hakuna atakayefikiri riadha. Watu watashusha sauti na kuuliza aliwaacha lini. Kutoka hapo tumepata mkimbizi, mtu aliyeacha kwao kwa hofu, na tukamtenga na mkimbiaji wa uwanjani kwa tofauti ndogo tu mwishoni mwa neno. Tumepata kimbilio pia, neno linalofungua Zaburi ya 46 kwa Kiswahili: "Mungu kwetu sisi ni kimbilio na nguvu." Sijui msomaji anajisikiaje hapo, lakini mimi kila nikilisoma naliona shina lile la kimbia likiwa na mtu anayehema ndani yake, ameshafika mahali pa salama. Kiingereza chao katika mstari huo kinatumia "refuge", neno lenye asili ya Kilatini, na miguu ndani yake mzungumzaji wa leo haioni tena.

Na kama mpwa wangu angekuwa mtoto wa Kiingereza anayejifunza Kiswahili, angeumia na piga. Ubaoni angeandikiwa kwamba piga ni kutia kofi au fimbo. Halafu angetoka nje akute watu wanapiga simu, wanapiga pasi, wanapiga picha, wanapiga mswaki, wanapiga soga, wanapiga magoti, wanapiga kura, wanapiga hodi, na serikali imepiga marufuku mifuko ya plastiki. Angeogopa nchi yetu. Hatuna tatizo na piga kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyefundishwa neno hilo peke yake. Tulilipata likiwa na simu, likiwa na pasi, likiwa na hodi mlangoni. Kila moja lilikuja na jirani yake, na tukalichukua hivyo.

Hapa ndipo malalamiko yangu yalipo, na ninayasema kwa uchungu. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania husoma kwa Kiswahili miaka yote, kisha siku moja ya Januari anaingia sekondari na masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Biolojia haimsubiri, wala jiografia, wala fizikia. Atasoma kwamba jaribio "was run three times" na kichwani kwake jaribio linakimbia mara tatu. Atasoma kwamba bonde "runs from north to south" na atashangaa bonde linakimbizwa na nani. Maneno marefu ya kitaalamu yana bahati: mwalimu huyaeleza, kitabu huyaandika kwa wino mzito, mtihani huyauliza. Hakuna anayesimama kumweleza "run", "set", "take" wala "make", kwa kuwa kila mtu anadhani hayo ni maneno ya darasa la tatu. Mtoto anaanguka kwenye fizikia huku tatizo lake liko kwenye neno la herufi tatu, na ripoti yake ya mwisho wa muhula itasema ni mzito wa sayansi.

Sahihisho lake halihitaji fedha. Mwalimu akiandika ubaoni "run a shop" na mbele yake "endesha duka", amemaliza. Akiandika "the tap is running" na mbele yake "bomba linatoa maji", amemaliza. Neno moja likitokea siku saba tofauti na majirani saba, mtoto atalijua kama anavyoijua piga. Na mtafsiri mwenzangu naye ajiulize kabla ya kuandika. Nimewahi kuona kwenye simu tangazo linalosema programu fulani "inakimbia nyuma", na nikakaa nalitazama hadi nikakumbuka Kiingereza chake, "running in the background". Kwenye simu nyingine nikakuta aliyeandika kwamba programu "inafanya kazi chinichini". Huyo wa pili sijui ni nani, lakini ningempa mkono. Chinichini! Neno hilo tunalo kwa mambo yanayofanyika kimya, watu wasione, na ndivyo programu ile inavyofanya.

Jioni ile hatukusahihisha zile sentensi mbili tu. Nilimwambia mpwa wangu achore mstari kwenye ukurasa mpya, upande mmoja aandike Kiingereza kizima kama nitakavyomtamkia, upande wa pili aandike watu wa nyumbani kwetu wangesemaje. Kanuni ilikuwa moja: asitafsiri neno, amtafute mtu. Nani anasema hivi, na anasema nini? Basi linalotoka stendi kila saa, alisema "linaondoka kila saa". Mtu mwenye homa, "mwili unamchemka". Alipofika kwenye kanga alikwenda jikoni kumuuliza mama yake, akarudi na "inachuja" mkononi kama aliyeokota shilingi.

Tulikwama kidogo kwenye "We have run out of sugar." Aliisoma mara tatu. Kwa Kiingereza ni sisi tuliofanya jambo, sukari imekaa tu mwisho wa sentensi. Aliandika "Tumeisha sukari", akaifuta. Akaandika "Sukari imeisha", akaitazama, akasema hapana, hiyo haisemi ni sukari ya nani. Sikumsaidia. Mama yake akapaza sauti kutoka jikoni bila kujua tunafanya nini, akimwita aende dukani kabla hakujafungwa, sukari imetuishia.

Mtoto alinitazama, akaandika upesi, akachukua hela na kutoka.